Maji Yaliyomngojea Mgeni

Watu wanaokuja kuitazama misheni yetu huuliza kwanza choo kiko wapi, kisha huuliza waliokufa walikuwa wangapi. Choo twawaonyesha. Idadi hatuijui, na mimi sitaitunga hapa ili kumfurahisha mtu. Twajua kwamba walizikwa pamoja, upande wa mashariki wa kanisa, kwa sababu waliobaki hai hawakuwa na nguvu ya kuchimba zaidi ya shimo moja. Juu yake waliweka mawe, na mawe yale hayana maandishi.

Misheni yenyewe ni kuta tu siku hizi. Paa liliondoka zamani. Iko bara, ukishaipita Ganze na kuiacha barabara nzuri nyuma yako, mahali ambapo mahindi hujaribu kumea kila mwaka na kila mwaka hushindwa, na watu huchoma makaa wapate unga. Kuta ni nene, za mawe na chokaa, na zina matundu ya risasi ambayo sasa nyigu wamejengea. Watoto wa shule huletwa wakaguse matundu hayo. Mwalimu huwaambia uhuru wetu ulianzia hapa, na si uongo, maana hata wale waliokuja kudai bendera baadaye walianza kwa kuja kuapa mbele ya mawe yale. Kisha watoto huuliza maji ya kunywa, na mwalimu huwaambia wavumilie.

Mama alinisimulia hadithi ile mara nyingi hata naijua kama njia ya kwenda chooni. Serikali ya wazungu ilitaka vijana wetu wakaibebee mizigo katika vita vyao, na kodi ya kila kibanda juu yake. Watu wakala kiapo kwamba hatoki mtu na haitoki senti. Nyumba zikachomwa. Waliochomewa wakakimbilia misheni, wakijua kanisa halipigwi. Lilipigwa. Kisha askari wakaona risasi za nini, wakakaa tu baina ya ukuta na kijito, wakapika, wakala, wakangoja. Padri alikuwa ameshuka pwani kuwaombea. Usiku mmoja mjumbe akapenya akaingia kanisani na habari njema. Akasema, “Msijisalimishe. Padri amepata amri ya kuwaachilia. Wanaoileta wako njiani.”

Wakangoja. Huo ndio mwisho wa hadithi, kwa wengi wao.

Ila mwanamke mmoja alitoka na kibuyu, akatambaa hadi kijitoni, akarudi nacho kimejaa. Hakuonja. Akawagawia watoto kwa kifuu cha nazi, mmoja mmoja, mpaka kibuyu kikakauka, na yeye akafa kabla ya siku kuisha. Mtoto mmojawapo alikuwa wake. Mtoto huyo ndiye aliyemzaa hawe, yaani bibi yangu, na hawe akamzaa mama.

Kwa hiyo kibuyu kiko kwetu. Wanasema ni kile kile. Mimi naamini nusu, kwa sababu nimemwona hawe kwa macho yangu akikishona ufa kwa ukindu, na mama naye akashona juu ya mshono wa hawe. Nilipomtania mama kwamba kibuyu hiki sasa ni uzi zaidi ya kibuyu, aliniambia, “Hata wewe nimekushona sana. Mbona bado ni mwanangu?”

Kila mwaka tuna siku ya kiu. Tangu alfajiri, koo zote zenye mtu chini ya mawe yale huifudikiza mitungi yao mlangoni, na hakuna anywaye. Watoto wadogo, wanaonyonyesha na wagonjwa wana ruhusa. Mwenye kibuyu hana. Huyo ni mwanamke mmoja wa ukoo wetu, na akinywa kabla ya wakati amekunywa maji ya wafu. Mchana watu huja kukaa chini ya ukuta. Jua linapopinda, kivuli cha ukuta hutambaa polepole kuelekea kaburini, na kikiyagusa mawe, mwenye kibuyu husimama akamwaga. Hubakisha kidogo, anywe yeye wa kwanza, kisha kibuyu kipite mkono kwa mkono, kila mtu aloweshe ulimi. Halafu watu hurudi nyumbani kuigeuza mitungi. Hapakuwa na hotuba wala viti. Kivuli ndicho kilichokuwa saa yetu, na kivuli hakichelewi.

Kibuyu hupokewa kwa njia mbili. Mwenyewe afe, au akikabidhi kwa mkono wake mbele ya mawe.

Mimi naishi Malindi, mtaa wa Shella, ninapouza mahamri na mbaazi asubuhi. Majirani zangu ni Wabajuni, na ndio walionifundisha kusema Kiswahili kwa kukivuta hivi, hata nikienda kwetu bara watu hunicheka wakaniuliza kama siku hizi mimi ni mtu wa pwani, mbona najivuna hivyo. Mama alikataa kuhamia kwangu. Alisema bahari ni maji mengi ya kumkejeli mtu, hayanyweki. Nilikuwa nikimpeleka hospitali Kilifi, na daktari, kijana mpole, alituambia waziwazi kwamba figo zake zimechoka. Akamshika mkono, akamwambia, “Mama, wewe dawa yako ya kwanza ni maji. Kidogo kidogo, kutwa nzima. Usikae na kiu hata siku moja. Figo hizi zikikauka, huenda zisiamke.”

Nikamweleza daktari habari ya siku ya kiu. Akatutazama wote wawili, akauliza kama hakuna mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo.

“Yupo,” nikasema. “Mimi.”

Tulipokuwa tukirudi, tulifika Tezo. Pale, tukiwa tumesimama kununua korosho, mama akasema ghafla kana kwamba tunagombana, “Haya, basi. Mwaka huu nitakupa kibuyu. Lakini usinisemeshe kama mgonjwa.” Nilifurahi sana. Nilinunua korosho nyingi kuliko tulizohitaji, akazila zote akilalamika kwamba zimeungua.

Nieleze sasa habari ya mjomba, ndugu yake mdogo mama, na nitajaribu kuwa mwadilifu, ingawa sina hamu. Mjomba si mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe, kwa sababu siku yetu ya kiu ilikuwa imegeuka sherehe. Kwanza walikuja watu wawili watatu wenye kamera. Kisha likaja hema. Kisha ikawa hakuna hema bila kiti, wala kiti bila mheshimiwa wa kukikalia. Mjomba aliona mbali katika jambo hilo. Aliona kisima. Wanawake wetu huchota maji katika silanga, lile bwawa la kukinga mvua, ambalo hunywewa na ng'ombe, mbwa na binadamu kwa zamu isiyo rasmi, na mvua zikikosa hubaki tope. Mjomba alifikiri hivi: mtu mkubwa akiketi pale, akaona kikongwe akimwaga maji kwa waliokufa kwa kiu, atawezaje kuondoka bila kutuchimbia kisima? Si fikira ya mpumbavu. Hata mimi nilimpongeza.

Mwaka ule mtu mkubwa alikubali. Jina lake sitalitaja, halina kazi hapa. Aliahidi kwamba angekuja kama mgeni rasmi, na kwamba angetangaza kisima kwa kinywa chake mwenyewe mara mama akishamwaga. Kamati ikaja kumpiga mama picha ameshika kibuyu, wakaichapa kwenye kitambaa kikubwa, wakakitundika njia panda. Mama alikwenda kujitazama. Aliporudi aliniambia, “Wamenifanya mkubwa kama jumba. Mikunjo yote iko pale, hata ile niliyokuwa namficha baba yako.”

Nilipofika kwa ajili ya siku yenyewe, nikamkuta mjomba kwa mama, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia haraka haraka kama mtu mwenye haya.

“Mpwa wangu,” akasema, “lile la kibuyu tulisogeze mwaka mmoja.”

“Kwa nini?”

“Mgeni ameambiwa habari za mama yako. Picha ameiona. Watu wa televisheni nao wameiona. Nitamwambia nini, kwamba tumembadilishia?”

“Mwambie daktari kasema figo hazitaki kiu.”

“Ni mpaka alasiri tu! Miaka yote si amefunga mpaka alasiri?”

Nikamgeukia mama, nikingoja amfukuze. Alikuwa akichambua kunde, hakuinua uso. “Kisima kikichimbwa,” akasema, “hamtatembea tena kwenda silanga. Shingo yangu hii imebeba mto mzima tangu nikiwa msichana. Kwa kisima nitafunga mara moja ya mwisho. Kesho, nikishamwaga, nakukabidhi, mbele ya mawe, mjomba wako akiwa shahidi.”

“Mama, waweza kufa.”

“Nikifa kwa kisima si nimekufa vizuri? Wengine wanakufa kwa kuanguka kutoka kwenye mnazi.”

Alicheka. Mjomba naye akacheka, kwa kuwa alikuwa amepata alichotaka. Mimi nilitoka nje nikapiga teke mtungi mtupu, ukanivunja ukucha.

Usiku ule nilimnywesha maji mpaka akaniuliza kama namfuga kuwa ngamia. Alfajiri akaamka, akaufudikiza mtungi wake mlangoni kwa mikono yake, akajitanda leso yake ya kaniki, tukaenda. Aliketi chini ya ukuta, kwenye mkeka, kibuyu kimejaa mapajani. Mbele yetu, chini ya hema, vilipangwa viti vyeupe vya plastiki, na katikati kiti kimoja kikubwa cha kochi kilichofunikwa kitambaa. Kiti hicho kilikuwa kivulini. Mama alikuwa juani, maana ndiko mahali pa mwenye kibuyu tangu enzi hizo, na hakutaka kusogezwa.

Jua lilipanda, likatuchoma, likaanza kushuka. Mjomba alikuwa akizunguka na simu sikioni, suti imemkaa kama gunia lililokopeshwa. Kila akipita alitutupia habari. Wametoka Malindi. Wako Tezo, wamesimama kidogo kusalimia watu. Kivuli kilianza kutambaa kutoka mguuni mwa ukuta. Watu wakajisogeza, kama kila mwaka. Nikamshika mama kiwiko nimsaidie kusimama.

Mjomba akaja mbio. “Bado! Bado! Wako njiani.”

“Kivuli kiko hapa,” nikasema.

“Nakuomba. Wamekwisha kushika njia ya Ganze. Akifika akute tumeshamwaga, atatangaza nini? Kawia ufike, mpwa wangu. Kidogo tu.”

Mama akaketi tena. Kivuli kikayagusa mawe. Kikapanda juu yake, kikayafunika, kikapita. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliyaona mawe yale ndani ya kivuli yakiwa makavu. Wazee wengine waliinama wakatazama chini. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia bila kujua analilia nini.

Nilichovya ncha ya leso katika kichupa cha maji nilichokificha kwenye kikapu, nikaileta midomoni kwa mama, nikijifanya namfuta jasho. Jasho lenyewe hakuwa nalo tena, ngozi yake ilikuwa kavu na moto. Aligeuza uso.

“Wataka niwadanganye wafu?” akauliza. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza.

Ndipo hasira ikanishika. Nilimfuata mjomba mpaka hemani, nikamwambia mbele ya kamati yake yote, “Unamuua dada yako kwa ajili ya mtu ambaye yuko mahali anakula wali!”

“Punguza sauti.”

“Sipunguzi! Mwache amwage!”

Mjomba alikuwa na macho mekundu. Yeye pia hakuwa amekunywa, nakiri hilo. “Unafikiri mimi sioni?” akasema. “Nenda kamwambie amwage. Nenda. Halafu mwaka ujao, na mwaka wa baadaye, wanawake hawa wakirudi na tope vichwani, wewe ndiye uwajibu. Wewe una bomba huko Shella.”

Hili la bomba lilinichoma kwa sababu ni kweli. Nilirudi kwa mama nikachuchumaa, nikamwambia, “Mama, sema wewe. Ukisema tumwage, tunamwaga sasa hivi, na kila mtu na lwake.”

Alitazama wanawake waliokaa mkekani, wengine wasichana bado, tayari wana ile alama ya kipara kidogo utosini inayoachwa na mtungi. Kisha akaitazama njia, ambayo haikuwa na vumbi lolote. “Wako wapi sasa?” akauliza.

“Wanasema wako njiani.”

Mama alitabasamu, midomo ikapasuka, ikatoka damu kidogo. “Hata wale waliambiwa hivyo hivyo,” akasema. Akakikumbatia kibuyu vizuri zaidi. “Ngoja.”

Tulingoja. Hema lilipoteza kazi yake, maana kivuli kilikuwa kila mahali. Watu wa kamera walikunja vyombo vyao wakaenda kulala ndani ya gari. Wale wenye ruhusa ya kunywa waliona aibu kunywa mbele yake. Mbuzi mmoja alipanda juu ya kile kiti kikubwa, akafukuzwa kwa fimbo, akarudi.

Magari yalifika jua likizama. Mgeni rasmi hakuwamo. Alikuwa amemtuma msaidizi wake, kijana mwenye viatu vyenye ncha, ambaye alituomba radhi kwamba mheshimiwa amebanwa na shughuli za taifa, lakini moyo wake uko nasi. Habari ya kisima hakuwa nayo. Alisema angeifikisha. Alikuwa ameleta katoni za maji ya chupa, yakashushwa garini yakiwa baridi, yanatoka jasho, yakapangwa mbele ya wafu wetu. Mjomba alishika kipaza sauti kumkaribisha, akafungua kinywa, akasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” kisha akampa kijana kile kipaza sauti bila kumaliza.

Mama hakungoja hotuba. Alisimama mwenyewe. Mimi na mwanamke mwingine tulimshika mabega, tukaenda naye mpaka kwenye mawe, akamwaga. Maji mengine yalimwagikia miguu yake. Alibakisha kidogo, kama desturi, akakileta kibuyu kinywani. Nilimwona akiyapokea maji. Nilimwona pia akiyaacha yatoke pembeni mwa midomo, yakishuka shingoni.

“Meza, mama,” nikasema. “Meza basi.”

“Sina kiu tena,” akaniambia, kwa mshangao, kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta kitu kimeanguka.

Akanipa kibuyu. Mkono kwa mkono, mbele ya mawe, na mjomba alikuwa pale. Ndivyo nilivyokipokea.

Tulimkimbiza Kilifi kwa gari la watu wa kamera, walikuwa na ubinadamu wa kutosha. Daktari yule yule kijana alikuja. Hakutulaumu. Alifanya yote aliyoweza, na maji yalipitishwa kwenye mshipa, lakini figo zilikuwa zimelala na hazikuamka. Aliishi siku chache, akivimba, bila kunijua. Mara moja tu alifumbua macho akauliza kama wamefika. Nikamwambia wamefika, mama, wamefika na mashine ya kuchimba, watu wanashangilia. Nilidanganya na sijuti. Akasema, “Waambie wasichimbe karibu na choo,” na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Mazishini mgeni rasmi alikuja mapema.

Ndiyo. Alifika hata kaburi halijakamilika, na msafara wake, na wimbo. Siku za kuzika hawachelewi, hapo kuna watu wengi na hakuna anayeweza kuwazomea. Alileta boza, lori zima la maji, kwa ajili ya kupikia waombolezaji, likaegeshwa chini ya kile kitambaa cha njia panda chenye uso wa mama, na wanawake wakapanga mitungi. Maji matamu, ya bomba la Kilifi. Walioteka walikuwa wakinitazama kama wanaiba, nikawaambia tekeni, yeye angewaambia mteke.

Alipewa nafasi aseme. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya historia. Katikati ya maneno koo lilimkauka kwa vumbi, akakohoa, akapunga mkono. Mjomba alinitazama. Nilikuwa karibu na mtungi, na ni mimi binti wa nyumba ile. Kila mtu pale alijua, na kila mtu aliutazama mkono wangu. Kwetu mgeni hanyimwi maji. Hata adui akisimama uani akasema nina kiu, unampa kwanza, mengine baadaye. Hiyo nayo mama ndiye aliyenifundisha.

Nikachukua kikombe chake mama, cha bati, kile cha buluu, nikateka, nikampelekea, nikakishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akanywa yote. “Ahsante sana, mama,” akaniambia. “Pole. Ile siku nilibanwa.” Nikaitikia ahsante. Nikarudi penye mitungi. Sijawahi kuuchukia mkono wangu kama siku ile, na kikombe kile sikukitumia tena.

Kisima alikitangaza pale pale, juu ya kaburi, watu wakapiga makofi ya mazishi. Mashine ya kuchimba haijaja mpaka hivi ninavyoandika. Ukiuliza ofisini utaambiwa iko njiani.

Kile kitambaa kilikaa njia panda mpaka jua likamla mama nywele na paji la uso. Mjomba akakitungua. Hakuweza kukitupa, wala hakuweza kukikunja akakiweka ndani. Mwishowe alikifunika juu ya zizi la mbuzi wake, uso ukiangalia juu, na kila asubuhi huwafungulia mbuzi chini ya kidevu cha dada yake. Nilimkasirikia nilipokiona. Kisha nikaona amezungushia ncha zake kamba kwa uangalifu, fundo juu ya fundo, upepo usimpeperushe, nikaenda zangu.

Mwaka huu siku ya kiu imetokea tena. Nilipanda bara jana yake. Kamati ilikuwa imealika mtu, kamati haijifunzi, na viti vyeupe vilikuwa vimepangwa chini ya hema. Nilifudikiza mtungi mlangoni kwa mama, nyumba ambayo sasa haina mtu wa kuugeuza ila mimi. Niliketi juani na kibuyu mapajani. Nilikuwa nimekishona upya, kwa ukindu, juu ya mshono wake.

Mjomba alikuja bila suti. Amezeeka kwa mwaka mmoja kama watu wanavyozeeka kwa kumi. Hakukaa hemani, alikuja kuketi chini, hatua chache kutoka kwangu, na tangu asubuhi hatukusemezana. Kivuli kilipoanza kutambaa, simu ikamlilia mfukoni. Aliitoa, akaitazama, ikamlilia mkononi. Wanakamati walimpungia kutoka hemani wakimwonyesha njia, na kweli safari hii kulikuwa na vumbi kwa mbali.

Kivuli kikayagusa mawe.

“Mwaga, mpwa wangu,” mjomba akasema.

Simu bado ilikuwa ikilia. Nikamwaga. Ardhi iliyanywa maji kabla sijamaliza kuinama. Nilibakisha kidogo, nikanywa wa kwanza, maji ya silanga, yenye ladha ya tope na kwato, kisha nikakinyoosha kibuyu kwake kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Alitikisa kichwa. “Mimi wa mwisho,” akasema.

Kikapita mkono kwa mkono. Watu walikuwa wengi mwaka huu, wengi walikuja kwa ajili ya mama, na kila mmoja alilowesha ulimi. Magari yalikuwa yameingia, milango inafunguliwa, na hakuna aliyegeuza shingo. Kibuyu kilizunguka umati wote, kikarudi kwa mjomba. Hakikuwa na tone. Niliona kwa jinsi yule aliyempa alivyokishika, kimekuwa chepesi, na mjomba naye aliona. Alikichukua hata hivyo kwa mikono miwili, akakigeuza juu ya ulimi wake, akafumba macho, akangoja.